Maazimio Kumi na Mawili na Tundu Moja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, siku niliyotimiza miaka ishirini na minane. Nilisimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, suti ya kijivu mwilini, karatasi mkononi, nikawasomea watu ishirini jinsi nitakavyokuwa mtu mpya kuanzia saa ile. Ilikuwa miaka mitatu hivi baada ya uhuru, na mji wetu huu wa Kalemie ulikuwa bado unaitwa Albertville.

Nikueleze kwanza nilikuwa nani, ili ujue anguko lilianzia wapi. Sikuzaliwa na kitu. Baba yangu alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukapinda. Mimi nilikwenda Elisabethville na shati moja, nikafagia gereji mchana na kusoma jioni, na baada ya miaka sita nikarudi na diploma ya ufundi wa injini, yenye muhuri mwekundu. Katika ukoo wetu hakuna aliyeipata kabla yangu. Silisemi hili kwa kunong'ona, maana aliyepanda mlima kwa magoti ana haki ya kueleza alichokiona huko juu. Kwenye karakana ya reli walinipa watu kumi na mmoja niwaongoze, wengine wakiwa na umri wa baba yangu. Waliniita shefu, yaani mkubwa wao, na neno lile lilinikaa vizuri masikioni.

Wazee wetu hawakuwa na desturi ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mama yangu alijua tu kwamba nilizaliwa wakati wa kuvuna karanga. Tarehe niliikuta kwenye karatasi ya ubatizo. Lakini huko Elisabethville nilikuwa nimewaona watu wakikata keki, kisha wakisema wanataka kuufanya nini mwaka mpya wa maisha yao. Jambo hilo lilinipendeza, na mpaka leo silicheki. Mtu anayepita umri bila kujiuliza anakwenda wapi ni kama behewa lililofunguliwa kutoka kichwa cha treni: linatembea bado, lakini halijui litasimama wapi.

Basi nikayaandika maazimio yangu kwa mashine ya kuandikia ya biro, yaani ofisi yetu, saa ya chakula cha mchana. Yalikuwa kumi na mawili. Nitasoma kitabu kimoja kila mwezi. Nitaacha sigara. Nitaamka kabla ya king'ora cha karakana. Nitajifunza Kiingereza. La tano lilisema: "Sitapaza sauti nyumbani kwangu." Nililiweka kwa sababu kuta za nyumba za wafanyakazi ni nyembamba, na jirani alikwisha kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna msiba. Nilitia karatasi ya kaboni ili kila mgeni apate nakala yake.

Mke wangu, Feza, alikuwa binti wa mvuvi wa Zongwe, kusini mwa hapa kwa njia ya ziwa. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na mtoto mmoja wa kike, Kabedi, aliyekuwa bado mgongoni. Nilikuwa nimemwagiza apike kuku na wali. Nilimwambia wageni watakuwa kumi, halafu kwa kujionyesha nikaalika wengine kumi bila kumwambia. Yeye alipoona watu wamejaa hadi barazani, hakupiga kelele wala kuniita pembeni. Ili chakula kiwatoshe wote, alisonga bukari, ugali wetu, haraka, akakaanga ndakala, dagaa wa ziwani, kwa nyanya na pilipili, akaleta.

Nilikuwa nimemaliza kusoma. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nikaiona ile sahani ya samaki wadogo ikipita mbele ya mkubwa wangu wa kazi, na damu ikanipanda.

"Huyu hajui wageni!" nikasema, na sauti yangu ilifika barabarani. "Mimi nasema kuku, huyu ananiletea ndakala! Unafikiri tuko kambi ya wavuvi?"

Makofi yakakatika. Rafiki yangu Dieudonné, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akainua nakala yake.

"Shefu, namba tano imekufa! Hata bukari haijapoa!"

Wakacheka wote, nami nikacheka nao, ili nisiwe mimi ninayechekwa. Feza aliweka sahani mezani, akafuta mikono yake kwenye kitenge, akatoka. Asubuhi nilipoamka, tena baada ya king'ora, nilikuta maji ya kuoga yamepashwa moto, suti imekunjwa, na mke na mtoto hawapo. Jirani akaniambia amewaona kwenye mtumbwi wa Zongwe.

Mwanangu, nyani haoni kundule. Siku nne nzima nilijiambia atarudi mwenyewe. Nani angemwacha mwanamume mwenye diploma? Siku ya tano nilianza kusikia ukimya wa nyumba, na kijiwe cha Kabedi, kile alichozoea kugonga nacho sufuria, nilikikanyaga gizani nikakaa chini na kulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naweza kuwapoteza wote wawili kweli.

Desturi inajulikana. Mke akirudi kwao, mume humfuata pamoja na mzee mmoja wa upande wake, na mume huyo huanza kwa kutaja kosa lake mwenyewe kabla hajatoa lawama yoyote. Mimi nilikwenda peke yangu. Badala ya mzee nilichukua ile karatasi. Tulipokuwa njiani injini ya mtumbwi ilizima, nami nikavua koti, nikasafisha buji, ile plagi ya kuwashia, ikawaka mara moja. Abiria walinisifu mpaka tulipofika. Ukitaka kujua mpumbavu anavyoshuka pwani, mtazame aliyetoka kusifiwa.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu ndakala hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu na kutengeneza nyavu. Baba mkwe wangu, Papa Kalunga, alikuwa amekaa mchangani, uzi mdomoni, wavu umetandazwa mbele yake kama moshi.

"Karibu, mukwe," alisema. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Papa."

"Na hiyo karatasi? Njo mwenzako?" Kwa wavuvi wa kule, 'njo' ni 'ndiyo'.

Wavuvi waliokuwa karibu wakainamisha vichwa ili nisiwaone wakicheka. Mimi nikajikaza. Nilimweleza kwamba mimi si mume wa ovyo, kwamba ninayo maazimio, na nikamsomea yote kumi na mawili, nikiwa nimesimama palepale juani na viatu vyangu vya ngozi vikijaa mchanga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Njo mingi," alisema. Kisha akanitupia pindo la wavu. "Shika hapa. Vuta. Si vile, utapasua! Vuta kama unavuta shuka ya mugonjwa."

Nikavuta. Yeye alishika upande wake, na wavu ukanyooka kati yetu.

"Unaona tundu?"

Niliangalia vizuri. Macho ya wavu wa ndakala ni madogo sana. "Sioni, Papa. Wavu huu ni mzima."

"Shefu anasema muzima!" aliwaambia wenzake. "Haya, pitisha mukono, pole pole."

Nilipitisha mkono. Vidole vyangu vinne vikazama mpaka kwenye mafundo.

"Sasa sikia," alisema, na safari hii hakutania. "Huu wavu uko na matundu mingi kupita maneno yako. Nikisema leo nitaziba yote, giza litarudi, wenzangu wataingia ziwani, na miye nitabaki hapa na sindano. Natafuta lile moja lenye kupitisha samaki wengi. Naliziba. Naenda nalo kazini. Mbalamwezi ikirudi, natandaza tena, natia mukono. Pengine uzi umeshika, pengine umekatika. Hiyo haina haya. Haya njo kuficha wavu ndani ya nyumba na kuambia watu ni muzima."

Alifunga fundo, akalikata kwa meno.

"Lakini wavu haunyooke na muntu mumoja. Wewe uliona matundu kumi na mbili. Nani alikushikia upande wa pili?"

Hakuna aliyenishikia. Nilikuwa nimeyaandika peke yangu, mlango wa biro umefungwa.

Papa Kalunga akamwita Feza. Alitoka nyumbani na Kabedi mgongoni, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayesubiri mtumbwi ambao hana hakika kama ni wake.

"Mama, bwana yako ameandika kumi na mbili. Wewe, yako ni ipi?"

"Nilisikia ya tano, ya sauti," Feza alisema. Alikuwa akizungumza na baba yake, lakini ananiangalia mimi. "Sauti nimezoea, Papa. Hata injini inapiga kelele na watu wanapanda. Mimi naitwa 'huyu'. Huyu hajui. Huyu amechelewa. Miaka tatu sijasikia jina langu mudomoni mwake mbele ya watu. Hata mutumbwi wako uko na jina."

Mwanangu, niliitazama ile karatasi. Unaweza kunicheka, lakini kweli niliitazama, kutoka la kwanza hadi la kumi na mbili, nikitafuta kama jambo hilo limo. Halikuwemo. Nilikuwa nimejichunguza kama mkaguzi wa injini, na tundu kubwa kuliko yote sikuwa hata nimelishuku.

Papa Kalunga hakunipa mke wangu siku ile. "Rudi kazini," alisema. "Feza anabaki. Mbalamwezi ikirudi, kuja, tutatia mukono."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Usidhani ni kazi ndogo kubadili neno moja, lile 'huyu'. Sigara ina harufu yake, utajikamata. Lakini neno hutoka mdomoni likiwa limevaa nguo za kila siku, na hulioni likipita. Nilikosea mara ya kwanza kwa jirani. Mara ya pili kanisani. Mara ya tatu Dieudonné aliniuliza katikati ya karakana, "Shefu, Madame amerudi?" nami, kwa kuogopa watu kumi na mmoja wasijue nimekimbiwa, nikajibu kwa kiburi, "Huyu alitaka tu kupumzika kwao."

Safari ya pili nilimwomba mjomba wangu anisindikize, kama inavyotakiwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga la kusema. Zongwe hakuna aliyenisikia. Ningeweza kusema sikuteleza hata mara moja, na nani angenipinga?

Feza alikuja akakaa kwenye mkeka, mkono mmoja juu ya Kabedi aliyelala.

"Mara ngapi?" aliuliza.

Nilimwangalia mjomba. Mjomba aliangalia ziwa.

"Mara tatu," nikasema. "Na ya mwisho ilikuwa mbele ya karakana nzima, kwa sababu niliona haya kwamba umeniacha."

Alimfunika Kabedi vizuri kwa kitenge. Kisha akasema, "Ungeniambia hakuna, ningebaki hapa." Akaingia ndani, nikasikia anafunga vitu vyake.

Papa Kalunga alisema tu, "Uzi umeshika nusu. Nusu inavua."

Tulipokuwa mtumbwini mama mmoja aliniuliza, "Na huyu ni nani, dada yako?" Nikajibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza treni, "Anaitwa Feza, binti Kalunga, mke wangu!" Watu wote wakageuka. Feza alijifanya anarekebisha kitenge cha mtoto, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na niliona kwamba anacheka.

Tangu hapo, kila mbalamwezi tulitandika mkeka nje, nikamuuliza, akaniuliza. Maana yeye naye alikuwa na yake, usifikiri nimeoa malaika. Vitabu nilisoma, sigara niliacha, na diploma ya pili niliipata; ukija nyumbani nitakuonyesha. Lakini yote hayo yalikuja moja moja, na hakuna hata moja lililonipa kazi kama jina la mke wangu.

Kwa hiyo, mwanangu unayeingia mwaka mpya wa maisha yako, weka azimio, wala usione aibu kuliweka. Ila usiliweke peke yako chumbani. Mwendee mtu anayekula na wewe, anayekujua ukiwa na njaa na ukiwa na hasira, umuulize ni wapi unapomuumiza. Jibu lake litakushangaza, na pengine litakuudhi. Kaa nalo hata hivyo. Chukua moja. Usingoje mwaka uishe ndipo ujipime, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Jipime mapema, mbele ya huyohuyo aliyekuambia. Na siku atakapokuuliza umeteleza mara ngapi, taja hesabu yenyewe. Wangu alirudi kwa sababu ya mara tatu nilizokiri.

Mungu akupe umri wa kujirekebisha, na mtu wa kukuambia ukweli bila kukuchoka. Mwaka wako huu uanze na amani nyumbani kwako, na wale unaowapenda wafurahi kila wakusikiapo ukiwaita kwa majina yao.