Hedi ya Kushoto

Fsss. Sauti nyembamba, kama birika lililosahauliwa motoni katika nyumba ya jirani. Wiki nzima Leander Wiltgen aliisikia: akinyoa ndevu, akiwa kanisani, akikoroga kahawa. Magari ya mbio hunguruma hadi kifua cha mtazamaji kikatetemeka, lakini kilichobaki sikioni mwake ni lile fsss dogo lililotoka chini ya boneti ya gari lake mwenyewe, likiwa limesimama kwenye kona ya tatu ya uwanja wa udongo, huku mengine yakilipita.

Aliyekuwa kwenye usukani ni Darlys, binti wa kaka yake. Alikuwa akiongoza, na ilibaki mizunguko michache tu.

Alitoka kwa kupenya dirishani, maana magari yale hayana milango ya kufunguka. Uso ulijaa udongo, isipokuwa pale miwani ilipokuwa. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Baba mdogo, geji ya joto ilikuwa sawa. Haki ya Mungu, mshale haukusogea."

Leander, mbele ya watu wote waliokwisha kukusanyika, akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza soseji: "Geji haisemi uongo, Darlys. Macho ndiyo husahau kutazama."

Watu wakacheka. Virgil Noonan, mwenye lori la kuvuta magari mabovu, alikuwa ameinama akifunga mnyororo wake. Akainua kichwa. "Labda alidhani ni kioo, akawa anatengeneza nywele!"

Wakacheka tena. Darlys alivua helmeti, akaiweka juu ya paa la gari taratibu kama mtu anayeweka yai, akaondoka kwa miguu.

Ukiulizia habari za Leander katika mji wetu huu wa Iowa, hakuna atakayekwambia ni mtu mbaya. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akawachoka mapema. Alikuwa akisema kwamba ng'ombe hana bolti, akiharibika huwezi kumfungua. Jeshini alitengeneza malori. Aliporudi alikodi karakana ya zamani ya mhunzi, nyuma ya kiwanda cha jibini, akaoa Arvilla mwokaji wa pai, na tangu hapo maisha yake yote yamepita kati ya benchi la kazi na meza ya mke wake. Watoto hawakujaliwa. Lakini Darlys alikulia miguuni mwake. Akiwa mdogo aliosha bolti kwa mafuta ya taa. Alipokua akaweza kusikiliza injini kidogo tu na kusema ni valvu ipi imelegea. Siku hizo aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashambani tangu alfajiri. Mwaka ule wa 1979, mgongo wa Leander ulipokataa kiti cha mbio, alimpa yeye usukani. Watu walinong'ona. Leander akawaambia, "Injini haijui nani kavaa sketi," na wakanyamaza. Alijivunia sana usemi ule. Alikuwa na semi nyingi, na zote alizitoa kwa sauti kubwa.

Baada ya gari kuchemsha, usukani alimpa Gale, mtoto wa dada yake, kijana mpole wa kazi ya kuezeka mapaa. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ndiyo mbio za maonyesho ya kaunti, za mwisho na kubwa kuliko zote za msimu.

Jumanne Leander aliishusha injini na kuifungua.

Injini ile ilipendwa na waunda magari ya mbio wa hapa kwetu kwa ukubwa wake, lakini ilikuwa na mambo yake. Silinda zimebanana kama pacha walioungana mbavu, maji hayana pa kupita katikati yao. Pale penye joto kali maji hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hutulia palepale kama mgeni asiyejua kuaga, akizuia wengine wasiingie. Ndiyo maana bloku yake, yaani mwili wenyewe wa injini, ina matundu madogo juu, ili mvuke upande hadi kwenye hedi, vile vifuniko vya chuma vya kulia na kushoto, na kwenda zake kwenye rejeta. Ila hedi zinazofaa kwa mbio hutolewa kwenye injini nyingine, ndogo zaidi, na hizo hazina matundu. Fundi huyatoboa mwenyewe. Hulaza juu ya hedi gasketi, bamba jembamba lenye matundu linalokaa kati yake na bloku, akatia alama kwa penseli, kisha akashika keekee. Kila muunda injini wa hapa analijua jambo hilo kama anavyoijua sala ya Baba Yetu.

Hedi ya kulia ilitoka safi, matundu yake yote wazi. Akainua ya kushoto.

Katikati ya zile silinda gasketi ilikuwa imeungua, na chuma kimegeuka rangi kama shingo ya njiwa. Akaigeuza hedi kuelekea dirishani. Palipopaswa kuwa na matundu palikuwa na chuma kitupu, na juu ya chuma vijiduara vya kutu, pale ambapo matundu ya gasketi yalikuwa yamekaa msimu mzima yakibisha hodi kwenye ukuta.

Alikaa juu ya ndoo. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Mbio za kawaida ni fupi na jioni za Juni zina ubaridi, kwa hiyo injini ilivumilia. Jumamosi ile jua lilikuwa kali na mizunguko mingi, ikashindwa. Na geji? Waya wake ulifungwa mbele, kwenye maji yanayozunguka vizuri. Maji yale yalikuwa sawa. Mshale haukusogea kwa kuwa mshale haukuwa na habari.

Kisha akakumbuka siku yenyewe, na hapo ndipo uso ulipomwaka moto.

Ilikuwa Machi, theluji bado imelala nje. Hedi ya kulia alikuwa amekwisha kuitoboa, keekee ingali mkononi, ndipo Virgil akaingia kuota moto. Leander akaanza kumsimulia habari za fundi mmoja wa kaunti ya jirani aliyesahau kutoboa hedi zake, akaipika injini mpya kama supu. Aliisimulia vizuri, kwa mikono, akaigiza na sauti ya mwenye gari akilia. "Mpumbavu gani," alisema, "anamjengea mvuke nyumba asiitie mlango?" Virgil alicheka hadi kofia ikamdondoka. Arvilla akawaita wakale pai ya tufaha. Leander aliporudi, hedi zote mbili zilikuwa zimelala kifudifudi benchini. Akazifunga bila kuzikagua, huku akipiga mluzi.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na hapa mwosha alikuwa yeye, na maiti ni kazi ya mikono yake. Leander alinyanyuka akafunga mlango wa karakana, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kiangazi. Akachukua keekee. Akatoboa. Vumbi la chuma lilimwagika juu ya viatu vyake, naye akalifagia lote, hata chini ya benchi, akalifunga kwenye gazeti na kulitumbukiza kwenye jiko. Akaisawazisha hedi iliyopinda kwa joto, akatia gasketi mpya. Ijumaa mchana injini ilinguruma tena, tamu kuliko mwanzo.

Gale alikuja kujaribu kiti. "Usihofu, mjomba," alisema kwa moyo mweupe, "mimi geji nitaitazama."

Leander akageuka kutafuta spana asiyoihitaji.

Jioni ile Arvilla alikaanga samaki, kama kila Ijumaa. Leander aliwasukumasukuma sahanini.

"Hao samaki wamekukosea nini?"

"Sina njaa, mama."

"Darlys leo kaleta maziwa kiwandani. Nikamwita aje ale, kasema ana kazi. Tangu lini yule mtoto akakataa samaki wangu?" Arvilla aliketi, akapangusa mikono kwenye aproni. "Kaniuliza swali moja, Leander. Eti inawezekana mtu akatazama kitu kwa macho yake mawili na asikione? Anasema siku hizi hata kwenye lori hajiamini. Anasimama kando ya barabara, anaitazama geji, anaondoka, anasimama tena. Maziwa yanachelewa."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia akuulize wewe. Wewe ndiye fundi."

Leander alifungua kinywa, kisha akakijaza kiazi.

Jumamosi alasiri uwanja ulinukia mahindi, vitunguu na petroli. Magari yalikuwa yamemaliza mizunguko ya kupasha moto, na udongo uliganda chini yao kama keki. Leander alipozunguka nyuma ya gari lake alimkuta Darlys amepiga magoti, kipande cha bati mkononi, anakwangua udongo kwenye gurudumu.

"Nani kakuita?"

"Gari la ukoo hili, baba mdogo. Nani angelikwangua? Gale anaogopa kuchafua suruali." Alitabasamu kidogo bila kumtazama. "Nimeisikia injini. Inaimba. Umebadilisha nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, mtu apite tu. Leander alijisikia akisema, "Gasketi."

"Gasketi tu?"

"Gasketi tu."

Darlys alikwangua tena, udongo ukaanguka mabongemabonge. "Nisamehe kwa kazi niliyokutia. Nilidhani nilitazama. Nimelala nikiliwaza hilo kila siku, nauona ule mshale umetulia, lakini ndivyo mtu anavyojidanganya, siyo? Anaona anachokitaka. Wewe mwenyewe ulisema, geji haisemi uongo."

Virgil alipita na mnyororo wake begani. "Darlys! Angalia hilo tope nalo lisichemke!"

"Nalitazama, kaka Virgil," alijibu. Mwezi uliopita angemrushia bonge la udongo kisogoni. Sasa aliinamisha kichwa, akaendelea kukwangua.

Leander alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka; ilikuwa imekauka vizuri, tayari kwa mbio.

Madereva na mafundi waliitwa kwenye mkutano nyuma ya jukwaa, kama desturi. Msimamizi, mzee Eldon, alisimama juu ya tela akasoma kanuni zilezile: bendera ya njano, bendera nyekundu, hakuna ngumi. Watu walitafuna, walitaniana. Gale alikuwa mbele, helmeti kwapani. Darlys alisimama nyuma kabisa, pembeni ya pipa la taka, na kipande chake cha bati.

"Mwenye neno?" Eldon aliuliza, akikunja miwani yake.

Hakuna ambaye huwa na neno. Leander akainua mkono.

"Jamani kaeni," Virgil alisema, "fundi anatoa mahubiri!"

Wakamfungulia njia huku wakicheka, wakisubiri usemi. Alipanda kwenye tela. Mikono hakujua aiweke wapi, mikono ile ambayo siku zote ilikuwa na spana. Aliona kofia zao, ndevu zao, meno yao. Walikuwa ni walewale waliocheka kwenye kona ya tatu. Sauti ile iliyozoea kufika hadi kwa wauza soseji aliitafuta akaikosa.

"Wiki iliyopita," alianza, "nilisema jambo."

"Hatusikii!"

"Ongeza moto, fundi! Hata nzi hawakusikii!"

Hakuongeza. Wao ndio waliopunguza, mmoja mmoja, mpaka ikasikika bendera ikipiga mlingoti. Virgil alikuwa bado ana tabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho anachokijua. Leander akapitisha macho juu ya kofia zote hadi kule nyuma kwenye pipa, ambako Darlys alikuwa ameacha kulikung'uta bati.

"Binti yangu aliitazama geji," alisema, na wa mbele walilazimika kuinama ili wamsikie. "Mshale haukusogea. Hedi ya kushoto… sikuitoboa."