Kijani Chini ya Nyeupe

Mafundi wenzake pale gereji walimwita Mzee Msasa, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimekauka na kukwaruza kiasi kwamba akikusalimu kwa mkono unatamani ungesalimiana na ukuta. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amepulizia rangi mabasi, teksi, magari ya harusi na hata gari la mazishi ambalo mwenye gari alishikilia liwe jekundu. Kazi yake haikuwa na doa. Ila kulikuwa na gari moja ambalo hakupenda kulikumbuka.

Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, pua ndefu, limelala chini kama paka anayenyemelea. Miaka kumi na tisa nyuma, daktari mmoja alimletea likiwa la kijani, akataka liwe jeupe lote. Madigadi ya mbele kushoto, bati linalofunika gurudumu, ilikuwa tayari imepakwa puti ya kuzibia mabonde na praima ya chini ya rangi na fundi mwingine.

"Hapa paligongwa, daktari?" Msasa aliuliza.

"Wewe paka rangi tu, fundi."

Akalipa yote papo hapo bila kuomba apunguziwe, na muda wote hakumtazama usoni. Siku tatu baadaye ikasikika kwamba wiki hiyohiyo muuza mikate wa baiskeli aligongwa alfajiri, na gari lililomgonga, la kijani au la bluu, halikusimama.

Msasa alijumlisha moja na moja. Polisi hakwenda. Alikuwa na watoto wadogo, na ushahidi wenyewe ungekuwa nini? Praima? Muuza mikate akapona, akarudi barabarani akichechemea, na Msasa akawa mteja wake wa kila asubuhi. Mikate miwili kila siku, wakati nyumbani hata mmoja haukuwa ukiisha. Mkewe alilalamika mpaka akachoka, akaanza kugawia majirani.

Sasa asubuhi moja, gari lilelile likaingia gereji. Akashuka mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mkononi ana bahasha.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta fundi aliyeandika risiti hii."

Msasa aliutambua mwandiko wake kabla hajavaa miwani. "Marahaba, binti. Na mwenye gari yuko wapi?"

"Baba alifariki mwaka juzi. Nataka kuliuza, lakini nimekwama kwenye rangi." Akamweleza. Alikuwa amepata mnunuzi, mtu anayekusanya magari ya michezo ya zamani. Kijani kile kilitoka kiwandani mwaka mmoja tu, kwenye magari ya kuhesabika, na wapenzi wa magari hayo wanakigombania. "Ila kadi ya gari inasema kijani, na gari ni jeupe. Anasema mtu habadilishi rangi kama ile bila sababu. Huenda liligongwa likanyooshwa. Kwa hiyo ananipa nusu ya bei, labda fundi aliyelipaka rangi aoneshe kilichomo chini."

Msasa akamrudishia risiti yake. "Leo kifua kinanibana," alisema. "Njooni kesho, wewe na mnunuzi wako."

Mchana hakula. Mkewe alipomkalia kooni, akatoa yote, tangu praima hadi baiskeli. Mkewe akajipiga paja.

"Kumbe ndiyo mikate yote ile! Miaka kumi na tisa unanilisha siri na siagi."

"Ningekwambia nini? Sikuwa na hakika."

"Basi kesho utakuwa nayo. Likwangue, mume wangu. Kama ni kweli, huyo binti ajue anauza nini, na yule muuza mikate ajue nani alimvunja mguu. Utakufa na kitu hicho kifuani?"

Kesho yake walifika wote wawili, binti na mnunuzi, bwana mmoja mwembamba mwenye kidude cha kupimia unene wa rangi. Alikigusisha kwenye boneti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakigusisha kwenye ile madigadi, akakunja uso. "Hapa kuna kitu," alisema.

Msasa aliloweka karatasi ya msasa kwenye maji, akaanza kusugua. Nyeupe ikatoka, ikaja praima ya kijivu, kisha puti. Alingoja puti iwe nene, kama inavyojazwa kwenye bodi iliyobonyea. Badala yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake kijani kikaanza kuchomoza, kimetulia kama kilivyotoka kiwandani. Puti ilibaki kwenye mistari tu, mistari myembamba iliyochimbwa na kitu chenye ncha. Mmoja ulisimama wima. Mwingine ulizunguka.

"Hizi ni herufi," mnunuzi alisema.

Msasa aliendelea kusugua. B. A. Kisha B nyingine, imegeukia nyuma. Kisha A.

Binti akashika mdomo. "Jamani, ni mimi niliyeandika!" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Nilikuwa na miaka mitano. Ndiyo kwanza nimefundishwa kuandika. Mama alikuwa akisema nilichukua msumari nikaandika neno baba kwenye gari lake. Mimi nilidhani ni hadithi tu. Eti fundi wa kwanza alishindwa kukipata kijani chenyewe, kila akikichanganya kinatoka kimepauka kama mba. Baba akakata tamaa, akasema liwe jeupe yaishe. Na aliona haya kuulizwaulizwa."

Msasa alijilaza chini, akaingiza kichwa upande wa ndani wa madigadi. Bati lilikuwa limenyooka, halina hata alama moja ya nyundo. Boliti zote zilikuwa na kijani chake vichwani, hazijawahi kuguswa na spana. Akatoka, akaketi juu ya debe, akavuta pumzi ndefu.

Ndipo akawaambia alichokuwa akikiamini miaka yote.

"Nisamehe, mwanangu. Nilimhukumu baba yako kwa puti."

"Ungeniambia jana, nisingelala," binti alisema taratibu. "Lakini wewe ndiye umemsafisha, mzee. Kwa mikono yako."

Nani alimgonga muuza mikate, hakuna anayejua mpaka leo. Lakini mnunuzi alipandisha bei mpaka karibu na ile kamili, kwa masharti mawili: Msasa aandike kwa mkono wake alichokikuta chini ya rangi, na gari lirudie kijani chake. Kukichanganya kulimchukua siku nne, akilinganisha na kipande cha kijani kilichosalia chini ya mpira wa mlango, akikosa, akimwaga, akianza upya huku akipiga mluzi.

Siku gari lilipoondoka, lilipita getini liking'aa, binti akimpungia mkono dirishani. Msasa alitandika maboksi nyuma ya karakana, akajinyoosha mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wenzake walidhani anaumwa, wakaja mbio. Walimkuta anakoroma.