Kidole Kilichoisubiri Usoke

Fundi simu wa karibu na stesheni ya Tabora ana kidole kisichotulia. Kabla hajasema neno hukigongesha mezani, mazoea ya ujana wake alipokuwa karani wa telegrafu ya reli. Leo Eustadia kampelekea simu iliyokuwa nzito. Ndani mna VPN anayoilipia, ile programu ya kumwonyesha mtu mtandaoni kama yuko nchi nyingine. Yeye amechagua Bujumbura, mji aliotoka akiwa amebebwa mgongoni.

Fundi akapima mara tatu muda wa jibu kurudi, akavua miwani. “Mama, hawa wanakudanganya. Bujumbura ni hapo tu, jibu lingerudi chapchap. Hili linachelewa, linatoka Ulaya. Zamani nikiigongea stesheni ya Usoke, kwa kuchelewa kwake tu nilijua karani katoka kuota jua. Niifute?”

Eustadia akaitazama bendera ndogo ya kwao kwenye kioo. “Iache, mzee wangu. Jioni nikiifungua najiona niko nyumbani.”

Alitegemea abishe, maana fundi huyu haachi kitu kibovu ndani ya simu ya mtu. Hakubisha. Alimrudishia simu yake, kisha kidole kikagonga meza mara mbili, kikatulia, kikasubiri, kana kwamba Usoke bado ingeitika.