Siku Tuliyovaa Nguo za Krismasi Kwenda Kupigwa Picha ya Kifua

Sisi tuliokua Tongaren wakati simu zilikuwa za kupigia watu tu, tulijua kwamba picha ni jambo la kuogea. Mpiga picha alikuja kwa baiskeli Krismasi ikikaribia, na siku hiyo mama zetu walitusugua magoti kwa gunzi la mahindi mpaka tukang'aa kama viazi vilivyomenywa. Ulisimama kando ya maua ya plastiki, mkono mmoja kiunoni, ukaambiwa usipepese macho wala usipumue. Watoto wa leo wanajipiga picha wakila chapati, wakiwa kitandani, wengine hata wakilia. Sisi tulilia baada ya picha. Ukilia kabla, ulichapwa ukanyamaza, halafu ukaambiwa utabasamu.

Nayasema haya mapema ili unielewe nitakapofika Kitale.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao Senge Nafula aliugua. Senge ni dadake Baba, shangazi yangu, na alikuwa akifanya biashara ya mahindi Kitale. Alikuwa mwanamke wa mwili na sauti. Akisimama barabarani aite "Wekesaaa!", akina Wekesa wote wa upande wetu waliitika, pamoja na mbwa mmoja. Alipokuja kututembelea tulimsikia kabla hajafika kwenye mto, tukakimbia kumpokea mkoba, kwa sababu ndani ya mkoba kulikuwa na mkate wa duka, na aliyeubeba mkoba ndiye aliyekula kipande cha mwisho, kile chenye ngozi.

Basi siku moja tuligeuka tukamkuta ameshakaa jikoni. Hakuna aliyemsikia akija. Mama aliangusha mwiko.

Alikuwa amekonda, mabega yamechomoza ndani ya sweta, na kila baada ya maneno machache alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Kilianzia mbali, kikamtikisa, kikamwacha akishikilia ukuta. "Ni baridi ya Kitale," alisema. Baba akasema si baridi, ni vumbi la mahindi. Jirani yetu Mama Jerida, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila ugonjwa isipokuwa wake mwenyewe, akasema kuna mtu wa sokoni amemtazama kwa jicho baya.

Kila mtu alileta dawa yake. Alipewa asali na ndimu. Alipewa yai bichi, akalimeza huku akitutazama kama tuliomsaliti. Kisha Mama akachemsha majani ya mikaratusi kwenye sufuria kubwa, Senge akafunikwa blanketi ajifukize. Sisi watoto tukaomba kuingia. Tuliingia wote chini ya blanketi moja, tukabanana huku tunacheka, naye Senge anakohoa katikati yetu. Paka naye aliingia, akatoka na macho mekundu, na hakurudi nyumbani mpaka keshokutwa. Leo nikikumbuka starehe ile nywele zinanisimama.

Kilichotuokoa ni shule. Daktari wa dispensari alikuja kutufundisha usafi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, na kwetu kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, hata muuza nyama. Akasimama mbele ya gwaride akaanza kukohoa kwa maigizo, huku akijishika kifua na kuyumba. Tulicheka mpaka mwalimu akachukua kiboko. Kisha akasema, "Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akikonda, akitokwa jasho usiku kama aliyenyeshewa, huyo aende apimwe TB. Inasafiri hewani. Mtu anakohoa, wewe unavuta." Niliacha kucheka. Nilikuwa nikimsikia akizitaja dalili za Senge moja moja.

Jioni ile, tukiwa tunakula ugali na mrenda, nilisimama nikatoa somo lote, neno kwa neno, na kila dalili nilipoitaja nilimnyoshea Senge kidole. Mama akaniuliza ni nani alinifundisha kunyoshea wakubwa kidole, nikajua nitalala nikilia. Lakini hakuniinukia. Alikuwa akimtazama ndugu yangu mdogo, Barasa, aliyekuwa bado hajajua kutembea, amekaa mapajani pa Senge akimvuta pua.

"Mulamwa," Mama akamwambia Senge kwa upole, maana ndivyo kwetu tunavyomwita wifi, "kesho tunaenda dispensari."

"Mimi sina huo ugonjwa wa watu," Senge akasema. "Wakisikia Kitale, nani atanunua mahindi yangu?"

"Na ukifa, nani atayauza?"

Tulienda. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mtu alihitajika wa kumbeba Barasa mgongoni. Daktari wa masikio alimpa Senge kikopo chenye kifuniko, akamwambia aende nje, kwenye hewa, akohoe atoe makohozi. Senge alitoka kwa heshima, akarudi kwa heshima, akaweka kikopo mezani.

Daktari alikiinua akakitazama. "Mama, hii ni mate."

"Si umesema nitoe?"

"Nataka makohozi. Ya kutoka chini kabisa, kifuani."

"Kijana, mimi nimelelewa vizuri. Mtu mzima hatemi hivyo mbele ya watu."

"Ndiyo maana nimesema uende nyuma ya nyumba, mama."

Akaenda nyuma ya nyumba. Kwa muda tulisikia ndege tu. Halafu Senge Nafula akakohoa, na ndani ya kikohozi kile kulikuwa na sauti yake yote ya zamani. Punda aliyekuwa amefungwa kwenye uzio akajibu. Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia akasema, "Bwana ampokee." Senge akarudi akiwa amefuta mdomo kwa leso, akaweka kikopo mezani kwa kishindo. "Hiyo, je?"

"Hiyo ndiyo," daktari akasema. "Na kesho asubuhi uniletee nyingine."

Majibu yaliporudi, yalikuwa yale tuliyoogopa. Mama akamshika Senge mkono. "Nitakufa?" Senge akauliza.

"Ukimeza dawa zote mpaka mwisho, utapona," daktari akasema. "Ukiacha katikati, hapo ndipo mimi na wewe tutagombana. Na wote mnaolala nyumba moja mpimwe. Nendeni Kitale, hospitali kubwa, mkapigwe picha ya kifua."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa, kwa sababu nilichosikia mimi ni "picha", na hicho ndicho nilichopeleka nyumbani mbio. Mama ndiye pekee aliyeelewa, lakini alikuwa na mawazo mengi hata hakutuuliza kwa nini tunaoga sana. Asubuhi ya safari alitoka nje akatukuta tumejipanga. Mimi nilikuwa na gauni la Krismasi lenye marinda na soksi za maua. Barasa alikuwa amepakwa mafuta mpaka akawa anateleza mikononi. Baba alikuwa amevaa suti yake ya harusi, tai nyekundu, na kalamu mfukoni, ingawa hakuwa na kitu cha kuandika.

"Mnaenda wapi?" Mama akauliza.

"Si ni picha?" Baba akasema.

Mama alichukua mkoba wake. Hakucheka mpaka tulipofika Kitale, na huko alicheka hata akalazimika kukaa kwenye ngazi za hospitali.

Ndani kulikuwa na mama mpole aliyeendesha mashine. Alimtazama Baba kuanzia tai hadi viatu. "Mzee, vua shati."

"Hata tai?"

"Hata tai. Na kalamu."

"Basi mngesema tuje vile tulivyo," Baba akanung'unika, akivua suti yake mbele ya ukuta mtupu, bila hata ua moja la plastiki.

Zamu yangu ilipofika nilitafuta kamera sikuiona, nikaweka mkono kiunoni, nikatabasamu kuelekea kule kulikokuwa na taa. Yule mama akanigeuza taratibu, kifua kikagusa ubao. "Vuta pumzi. Sasa usipumue." Hapo moyo wangu ukatulia, maana kutopumua nilikuwa mtaalamu. Nilikaza mpaka akaja kunigusa bega kwamba tumemaliza zamani.

Picha zilipoangikwa kwenye mwanga, nililia. Hapakuwa na gauni wala marinda wala uso. Ni mbavu tu, kama kibanda cha kuku. "Mimi niko wapi?" nikauliza. Baba alitazama yake kwa muda mrefu, akasema kwamba angalau mbavu zake zina heshima.

Mbavu zetu zilikuwa salama, asante Mungu, na mapafu pia. Barasa naye hakuwa mgonjwa, lakini kwa sababu alikuwa mdogo mno na alikuwa amelelewa mapajani pa Senge, alipewa dawa ya kumkinga. Mama aliisaga kila asubuhi, na kila asubuhi Barasa aliitema kwenye kifua cha yeyote aliyekuwa karibu, ikabidi irudiwe.

Nyumba yetu ikabadilika. Daktari alisema hewa ipite, kwa hiyo Baba aling'oa mbao alizokuwa amepigilia kwenye madirisha kuzuia baridi ya mlimani. Hewa ikapita. Na kuku wakapita. Baba alikuta yai ndani ya kiatu chake cha kanisani, na hakulikuta kwa macho. Senge akapewa chumba chake chenye dirisha kubwa, na kitambaa cha kufunika mdomo akikohoa. Siku ya kwanza ya dawa alienda chooni, tukasikia, "Uuuwi! Nimekufa! Natoka damu!" Mama alimkimbilia, na alipoelewa ni nini akajishika mbavu. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba dawa zingegeuza mkojo rangi ya machungwa. Lakini wakati anaambiwa, Senge alikuwa anauliza kama kula omena kunaruhusiwa.

Mama Jerida alikuja na kikombe alichokifunga uzi mwekundu, akasema ni cha Senge peke yake, ili sisi wengine tusiambukizwe. Senge aliinamisha kichwa. Mama alikipokea kikombe, akashukuru, akakijaza chai, akakinywa chote yeye mwenyewe huku Mama Jerida akimtazama. "TB haikai kwenye kikombe, dada," akamwambia. "Inakaa hewani. Karibu tukae nje kwenye upepo." Mama Jerida hakurudi na uzi tena.

Senge alianza kunenepa. Mashavu yakarudi kwanza, kisha sauti, na mbwa yule akaanza tena kuitika. Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoingia, maana mtu akipata nguvu husahau zilitoka wapi. "Nimepona," akawa anasema. "Mtu mzima aliyepona anameza dawa za nini? Zinanichafua tumbo."

Asubuhi moja Mama alikuwa uani anasukwa, nusu ya kichwa mistari na nusu nyingine imesimama kama moto. Nikamwambia Senge ametoka na mkoba wake, amepanda lori la mahindi linaloenda Kitale, na dawa zake ziko mezani. Mama hakuuliza swali. Alivaa gambuti za Baba, akanyakua dawa na kikombe cha maji, akakata kupitia shamba la mahindi. Nilimfuata mbio. Tulitokea barabarani mbele ya lori, na Mama akasimama katikati ya njia.

Dereva alikanyaga breki, akatoa kichwa. "We mama, unataka kufa?"

"Huyo hapo juu ndiye anataka kufa!"

Tukamtazama Senge, amekaa juu ya magunia kama malkia. "Mulamwa, unaniaibisha mbele za watu," akasema.

"Aibu huwa inaisha," Mama akajibu. Maji yalikuwa yamemwagika nusu. "Barasa anameza yake kila siku kwa sababu yako. Hajui hata kusema 'dawa'. Na wewe mkubwa unakimbia?"

Senge alitazama magunia. Kisha akanyosha mkono. Tanboi, yule msaidizi wa dereva, alipokea dawa na kikombe akampandishia, akaanza kupiga bodi ya lori: "Meza! Meza! Meza, mama, twende, bana!" Senge akameza. Akafungua mdomo wazi tuone. Watoto waliokuwa wakienda shule wakapiga makofi. Halafu akashuka, na kwa kuwa kushuka kwenye magunia ni kugumu kuliko kupanda, alishuka kwa makalio, akamwangukia tanboi, wakalala wote barabarani. Tulirudi nyumbani wote, na alimeza mpaka daktari alipomwambia basi.

Siku alipopimwa mara ya mwisho akakutwa safi, alisimama mlangoni pa dispensari akatangaza kwa sauti yake kamili, "Nimepona TB! Mimi Nafula! Atakayetaka mahindi anitafute Kitale!" Walimtafuta. Mpaka leo anauza, ingawa siku hizi anauza akiwa amekaa.

Sasa naishi Bungoma mjini, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye milango mingi na madirisha madogo. Dawa zimeboreka, na mashine inatoa majibu upesi. Lakini upande wa pili wa ukuta wangu kuna kijana ambaye nimemsikia akikohoa tangu mvua zianze, na mpaka juzi sikujua jina lake. Enzi zetu, ukikohoa kutwa moja, ulikuwa tayari umepewa yai bichi.

Juzi nilibisha. Alifungua kidogo, simu mkononi. "Pole madam, ni muziki? Nitapunguza."

"Ni kikohozi chako. Umekipima?"

"Nimecheki kwa simu. Inasema ni aleji."

"Simu imekusikiliza kifua?"

Alicheka, akakohoa, akashikilia mlango. Nikamwambia avae viatu twende hospitali, si mbali, nitakaa naye foleni.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni jirani."

Alinitazama kama mtu aliyesikia neno ambalo nyanyake alikuwa akilitumia. Kisha akaingia ndani kutafuta soksi.