Mwakio Alisema Tuisubiri Hub

Siamini bado, na leo mtu asiniambie ni mapenzi ya Mungu. Sina hiyo roho. Mwakio wa workshop yetu ya kompyuta hapa Voi alitutoka Jumapili, pumu, na asubuhi hii nimemmiminia chai yake bila kufikiria.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyefufua zile kompyuta kuukuu za shule kule Bura. Aliziwekea firmware ya open source, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine.

Zikawaka vizuri. Lakini keyboard zilizochomekwa kwenye USB hub, kile kidude cha kuchomekea vifaa vingi kwa tundu moja, hazionekani. Skrini inadai password, unabonyeza, wapi!

Bosi wetu wa workshop akasema hub ni feki. Tukabadilisha, shida ikabaki. Akasema basi keyboard ndizo feki. Jameni, huyo mtu!

Mwakio alikuwa na kigugumizi. Kwenye meeting akaanza, "Hu-hu-hub ina..." Bosi akamkata: "Ina shida, tushajua. Next!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, wacha niseme mwenyewe.

Baada ya wiki akaniita kwa meza yake. Akazima mashine, akaiwasha papo hapo. Keyboard ikaonekana. Akaizima tena, tukanywa chai hadi mashine ikapoa kabisa, akawasha. Hakuna kitu.

"U-umeona? Hub ikipoa i-inachelewa kuamka. Firmware inaita mara moja, ikikosa jibu inaenda zake."

Kama mwalimu wa haraka anayesoma rejista. Na hub yenyewe hutaja muda inaohitaji, ila firmware ilikuwa haisomi! Mwakio akaongeza mistari mitatu tu: soma huo muda, subiri, ndipo uulize. Keyboard zote za Bura zikaonekana.

Siku wageni walipokuja kufungua hiyo lab ya kompyuta ya shule, Bosi alisimama kifua mbele: "Niligundua kwamba hub..."

ALIGUNDUA! Yeye!

Mwakio akainua mkono. "Mi-mi-mi..." Bosi akasema muda umeenda, chakula kinapoa. Nilikuwa nimekaa kando ya Mwakio, najua kila kitu, nikanyamaza. Contract yangu ilikuwa haijasainiwa. Alinishika bega akaniambia ni sawa. Haikuwa sawa.

Sasa Bosi, nakuona humu ukipost mishumaa, eti "alikuwa kama mdogo wangu." Mdogo wako tangu lini? Hujawahi kumwacha amalize sentensi moja. Zima hiyo mishumaa. Ukitaka kuniblock, block.

Na Jumamosi kwenye mazishi kule Bura usihangaike kuandika hotuba. Nilienda kwa Mama Mwakio jana nikamweleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Alilia, kisha akalifuta jina lako kwenye program akaandika langu. Watoto wa hiyo lab watakuwepo, na watasikia ni nani aliyegundua.

Nisamehe, kaka. Nimechelewa, na wewe ndiye uliyenifundisha kusubiri.

Lala salama, Mwakio. Huko ukianza neno, wakungoje hadi umalize.