Jibu la Doroti Kuhusu Kinu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shule ya misheni ya kisiwa cha Chisenga nimelowa hadi magotini, mkononi nina kitabu kimoja cha kuchambua hadithi, kisicho na jalada. Ilikuwa miaka ya hamsini na sikuwa nimetimiza miaka ishirini. Mwalimu Mkuu alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni.

"Kuchambua hadithi umejifunza wapi?"

"Katika kitabu hiki, Bwana."

"Na hicho kitabu, nani alikufundisha kukisoma?"

"Hakuna."

"Basi mko wawili msio na mwalimu, wewe na kitabu. Ingieni darasani."

Nilikuwa mtu wa hofu. Mstari ukipinda ubaoni, nilifuta wote nikaanza upya, watoto wakisubiri. Nilichora safu tano. Wahusika, yaani watu wa hadithi. Mandhari, yaani mahali na wakati. Mgogoro, yaani mambo yanayovutana. Kilele, pale mvutano unapofika juu kabisa. Na dhamira, lile ambalo mwandishi anataka tubaki nalo. Tulifundisha kwa Kibemba na Kiingereza. Kiswahili nilikipata kwa wachuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, na ninaandika kwa lugha hiyo kwa sababu wajukuu zangu, walimu wawili, wanaishi huko.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Nchelenge, chini ya Meneja wa Shule, Mzungu aliyesimamia shule zote za misheni ufukweni. Vitabu vyake vilikuwa na hadithi za theluji na mbweha. Watoto walijaza safu zangu tano bila kuelewa chochote, nami niliwasifu kwa mwandiko mzuri. Nikachoka na uongo huo, nikaandika hadithi yangu, ya mistari michache, niliyoisikia kwa shangazi yangu wa kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwa letu, si cha pwani:

Mvuvi alitoka na wavu mpya. Nyumbani mke wake akagombana na jirani kwa ajili ya kinu. Ziwani upepo ukavuma. Mvuvi akarudi bila samaki. Alimkuta mkewe kimya mlangoni, na hakumwuliza kitu.

Mtu wa ufukwe huu hahitaji maelezo. Mume akiwa ziwani na nyavu, mke hagombani na mtu, maana ugomvi wa nyumbani humfuata mume mpaka majini, na samaki hawaingii wavuni. Kwa hiyo mvuvi hakuuliza. Alijua.

Meneja aliipenda hadithi. Akaichukua kwa mtihani wa kuchuja, ule uliochagua msichana mmoja wa shule yetu wa kwenda shule ya bweni ya wasichana kuendelea na masomo. Mmoja tu. Alitunga maswali mwenyewe na majibu yake mwenyewe, kisha akanikabidhi nisahihishe. Swali la mwisho lilikuwa: kwa nini mvuvi alirudi mikono mitupu? Jibu lake: upepo.

Doroti, binti wa mvuvi wa Nchelenge, alikuwa msomaji bora kuliko wote niliowahi kufundisha, hata baadaye. Aliandika: "Kwa sababu ya kinu. Mke aligombana, na wavu ulisikia."

Nilipeleka karatasi ofisini.

"Bwana, hapa kwetu jibu hili…"

"Swali linauliza sababu," alisema Meneja. "Kinu ni mandhari. Sababu ni upepo. Au unataka misheni ifundishe ushirikina?"

"Hapana, Bwana."

"Basi ni kosa. Weka alama yako."

Niliweka. Nilichora msalaba mwekundu kwa rula, ili unyooke.

Swali hilo moja lilimnyima Doroti nafasi. Akaenda msichana aliyeandika upepo.

Hasira yangu haijapoa. Mtu alichukua hadithi ya watu wa ziwa, akawaambia watoto wa ziwa hawajaielewa, na hakuuliza hata mara moja ilitoka kwa nani. Wala siutetei ushirikina. Uamini kinu au usiamini, mvuvi wa hadithi anaamini, na ukimwondolea imani yake, mstari wa mwisho hauna maana. Upepo hauelezi ukimya wa mlangoni. Hata kwa safu zangu tano za kujifundisha, Doroti alikuwa amepata mgogoro, kilele na dhamira kwa maneno machache. Meneja alikuwa amepata hali ya hewa.

Lakini Meneja hakujua. Mimi nilijua, na nilichora msalaba.

Baadaye nilifundisha shule ya Mofwe, nikarudi Chisenga, safari hii nikiwa Mwalimu Mkuu, na sikutumia tena majibu yaliyoandikwa kabla ya kumsikia mwanafunzi. Wakaguzi walinikaripia. Nilistaafu bila cheo kikubwa.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kununua chisense, dagaa wetu, pale mitumbwi inapotia nanga Nchelenge. Doroti alikuwa anauza, mama mzima mwenye mizani yake, amezungukwa na wachuuzi wa ng'ambo. Kwa Kibemba angelazimika kunisemesha kwa heshima ya mwalimu wake. Alinisemesha Kiswahili, kama mteja yeyote.

"Mwalimu, ile jibu yangu ya kinu. Ulijua ilikuwa ya kweli?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, mama."

Alisawazisha samaki kwenye mizani, polepole, kwa kiganja.

"Mi nilizani haukujua," alisema. "Nilikuwa nawaambia batoto yangu, musimuseme mubaya ule mwalimu, hakuna mutu alimufundisha. Miaka yote nilikuwa nakuonea huruma."

Alinifungia chisense zangu, akanipa, kisha akamgeukia mchuuzi aliyekuwa nyuma yangu.