Khanga Iliyolowa Mabibo

Jirani akikamua mabibo mimi hufunga dirisha, japo harufu yake ni tamu.

Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeingia kijijini. Mama alianza kutapika palepale shambani, tukishindana kuokota korosho, khanga yake imelowa maji ya mabibo. Baba akampakia kwenye baiskeli, mimi nikamshika mgongo asianguke, mpaka hospitali.

Nesi wa mapokezi alimnusa kabla hajamgusa.

"Huyu kalewa uraka wa mabibo. Kila msimu wa korosho ni hivihivi."

"Shikamoo," nikasema. "Mama yangu hanywi pombe. Hata Jumatatu anafunga."

"Marahaba. Akiwa shambani unamchungulia?" Wenzake wakacheka. "Mzee, mpeleke akalale. Vitanda hivi ni vya wagonjwa."

Baba akasema ahsante, akageuza baiskeli.

Njiani Mama aliniambia kwa sauti ndogo, "Ningebadili khanga kwanza, mwanangu."

Nilikuwa nakazana kumshika. Kabla hatujafika nyumbani, mgongo wake ulikuwa umepoa mikononi mwangu.

Mpaka leo, nikimpeleka mtu hospitali, hata awe amezidiwa vipi, kwanza namtafutia khanga safi.